Chai ya Mzunguko

Vijana wangu wa usukani, leo siwasalimii. Nimekasirika, na mtu aliyekasirika akianza kwa salamu ndefu anakuwa mnafiki. Mkimaliza kusoma na muone nimewaonea, njooni nyumbani kwangu Bokoli, ng'ambo ya daraja, mniambie usoni. Mtanipata. Sina safari tena.

Niliendesha lori la maziwa kutoka Kitale kwenda Bungoma mpaka mgongo ukakataa. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa nilipoanza, na baadhi yenu mlikunywa maziwa hayo mkiwa shule ya msingi, kwa hivyo msiseme sikuwafaidi kwa lolote. Mwanzoni tulibeba mitungi, baadaye wakatuletea tangi. Watu hudhani kazi ya dereva ni kukanyaga mafuta na kukata kona. Kukanyaga mafuta hata mbuzi anaweza ukimpandisha kitini. Kazi ya dereva ni kuchagua njia, na hapo ndipo nyinyi mmetushinda kwa ujinga.

Maziwa hayana subira. Mahindi yakikwama Webuye siku mbili yanabaki mahindi. Maziwa yakikwama asubuhi, mchana yameganda ni mala, na jioni ni aibu. Tena hayapendi kutikiswa. Nilipokuwa bado mgeni wa kazi nilipita njia ya mkato katikati ya mashamba, yenye mashimo ya kuingiza ndama, nikijiona mjanja kuliko wote. Nikafika Bungoma wa kwanza. Mama aliyekuwa akipokea mizigo akafungua mtungi, akachungulia, akakuta donge la siagi linaelea. Akafungua wa pili, vilevile. Akaniangalia akaniuliza, "Baba Simiyu, na mkate umeleta, ama tununue?" Jina la Siagi lilinifuata mpaka nikastaafu.

Aliyenifunza kuchagua njia ni Mzee Njoroge. Familia yao ilikuwa imetoka Mkoa wa Kati ikanunua shamba kule Kiminini, naye akawa dereva mkuu wetu. Alikuwa na kofia ya sufu aliyoivaa hata jua la Januari, na mdomo mchafu sana kwa mtu wa kanisa. Hakuwa mpole. Ukikosea gia alikuwa akipiga dashibodi kwa kiganja mpaka vumbi linadondoka, anakuuliza kama hiyo gia ni ya baba yako. Lakini neno moja alilonipa nimelibeba mpaka leo. Alisema, "Njia haikimbiliwi, kijana. Njia inagawanwa."

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hili hakuna anayewafunza huko mnakopatia leseni. Ukitoka Kitale na mzigo wa Bungoma, ukifika Kamukuywa una njia mbili. Unaweza kuteremka moja kwa moja Misikhu mpaka Webuye, halafu ushike barabara kuu. Ni lami, ni karibu, lakini pale unakutana na matrela yote yanayokwenda mpakani Malaba. Ama unaweza kukata kulia, uende Kimilili, upite Chwele, uingie Bungoma kwa mlango wa nyuma. Hiyo ni ndefu, ina masoko, ina ng'ombe, ina wanafunzi. Kila siku ya Mungu dereva analazimika kuchagua.

Hapo Kamukuywa kulikuwa na kibanda cha Mama Nekesa. Sisi wa maziwa, wa mkate, wa magazeti, na wale wa magunia ya mahindi, tulikuwa tunasimama hapo asubuhi. Si kwa sababu ya njaa. Tulikuwa tunasikiliza. Anayetoka chini anasema, "Webuye leo ni mbaya, trela imezimika kwa mlima." Na hapo, badala ya sisi sote kukimbilia Kimilili kama siafu waliomwagiwa majivu, Mzee Njoroge alikuwa anatugawanya, anasema: Wa mkate na wa magazeti, teremkeni Webuye polepole, mtapita. Mimi na Siagi tunazunguka. Kesho tutabadilishana.

Aliyezunguka leo, kesho yake alikuwa anakunywa chai ya bure, na mandazi juu yake. Wale waliopewa njia fupi ndio walimlipia. Tuliita chai ya mzunguko. Hakuna aliyeiandika mahali, hakuna afisa aliyekuja kuifungua rasmi. Ilikuwa tu ndiyo desturi, na Mama Nekesa alijua kwa kukutazama usoni nani alizunguka jana.

Mtauliza kwa nini tusiende wote pale palipo wazi. Kwa sababu hapabaki wazi, ndiyo maana. Tulishaonja. Siku moja ya soko, kabla ya desturi hiyo kushika, sote tulisikia Webuye imefunga, sote tukakata Kimilili. Tulipofika Chwele tulikuta mikokoteni, viazi, ng'ombe wa mnada, na sisi na malori yetu tumejipanga katikati kama wajinga. Tulishinda njaa hapo mpaka alasiri. Na jioni dereva mmoja aliyechelewa kuamka tukamkuta Bungoma ameoga na amekula, ametokea Webuye, anatuambia barabara ilikuwa tupu, maana kila mtu alikuwa ameikimbia. Barabara ni blanketi moja na watoto ni wengi. Kila mtoto akivuta kwake, wote wanalala na baridi.

Kulikuwa na wezi pia, msidhani tulikuwa malaika. Dereva mmoja wa mkate, jina namfichia kwa sababu ana wajukuu, aliwahi kuja kibandani akatudanganya Webuye kumefungwa kabisa, ili apate lami peke yake. Tulimjua kesho yake. Mama Nekesa alimwekea kikombe cha maji ya moto, bila majani, bila maziwa, bila sukari. Akakinywa. Kesho yake tena maji ya moto. Alikunywa maji hayo mbele yetu mpaka alipoomba msamaha, na tangu siku hiyo alikuwa wa kwanza kujitolea kuzunguka.

Nyumbani nilikuwa na mke, Nelima, mama yake Simiyu. Huyo ndiye aliyelipa gharama ya barabara hizi zote. Nilichelewa ubatizo wa Simiyu. Nilichelewa harusi ya dada yake nikafika watu wanakunja viti. Nelima alikuwa na saa ya ukutani, na kila nikiingia hakuwa akiuliza nilikuwa wapi. Alikuwa anaitazama saa, kisha ananitazama mimi, kisha anapakua chakula. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi. Akiwa na hasira sana ndipo alisema, "Wewe na barabara zako." Nilikuwa najitetea kwamba ni jam. Alikuwa ananijibu kwamba hajawahi kuiona hiyo jam ikila, lakini kila siku inamalizia chakula chake.

Basi simu zikaja. Mimi si adui wa simu, ninayo, na wajukuu wamenionyesha ramani yake. Ramani ni nzuri. Shida ni kwamba simu inamwambia kila mtu siri ileile. Mzee Njoroge alikuwa anawaambia wawili waende huku na wawili kule. Simu inakwambia wewe pita Bokoli, na inamwambia yule wa nyuma yako pita Bokoli, na wa trela, na wa gari la shule, na kila mmoja anatabasamu peke yake anadhani ameambiwa yeye tu. Halafu kuna yale makundi yenu ya madereva. Mtu mmoja anaandika "Bokoli iko freshi," na kabla hajarudisha simu mfukoni Bokoli haiko freshi tena.

Barabara yetu ya Bokoli ni ya marram, udongo mwekundu bila lami. Ilitengenezewa baiskeli, mikokoteni, na gari moja moja la miwa. Ina daraja moja jembamba juu ya mto, malori mawili yakikutana pale yanapumuliana. Siku hizi kukiwa na ajali kidogo huko barabara kuu, matrela yanamwagika kwetu. Kuku hawavuki. Watoto wanachelewa shule. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kusimama akauliza kama wenye njia hiyo wanakubali.

Na mkifika mnafanya nini? Hamsubiri. Mnachomoka foleni, mnashika upande wa wanaokuja, mnasema mnaovalapu. Niwape elimu ya bure. Ukiwa kwenye foleni na uone upande wa pili mtupu, hakuna gari linalokuja, usifurahi. Utupu huo ni habari mbaya. Maana yake mbele kumefunga, na njia pekee ya kufungua ni huo upande unaoutamani. Ukiingia hapo umeziba pua na mdomo kwa pamoja. Dereva wa kweli akiona upande wa pili mtupu anazima injini, anashuka, anatafuta mahindi ya kuchoma.

Halafu mkagundua matawi. Hili ndilo linanichemsha damu. Kwetu huku, msafara ukienda kuleta maiti, magari yanafungwa matawi mbele, kwenye boneti na kwenye vioo. Ukiona matawi unapisha. Hata dereva mlevi alikuwa anapisha, anavua kofia. Hakuna sheria, ni heshima ya mtu aliyekufa. Nyinyi mkaona hiyo heshima mkaigeuza king'ora. Mkichelewa, mnavunja tawi la ua la mtu, mnalichomeka kwenye waipa, mnawasha taa, mnapita. Nimeona matawi kwenye lori la magodoro. Nimeona matawi kwenye gari la bwana harusi, na bwana harusi ndani amevaa tai. Kuna kijana mmoja wa Kimilili nilimuuliza msiba ni wa nani, akaniambia ni nyanya yake. Mwezi uliofuata nikamkuta tena na matawi. Nikamuuliza. Nyanya tena. Nikamwambia huyo nyanya wenu anakufa kwa bidii sana. Akacheka akaniambia, "Mzee, si wewe pia ulikuwa dereva bana." Nilitamani kumchapa na lile tawi.

Sasa nifike pale ninapokwenda.

Nelima aliugua akalazwa Kitale. Hospitalini alikuwa na siku nzuri na siku mbaya. Katika moja ya zile nzuri alinivuta mkono akaniambia, "Baba Simiyu, maisha yangu yote umechelewa. Siku yangu usichelewe. Unifikishe mchana, watu wakiwa bado wamekaa, akina mama waniimbie nikiwa kwa boma yangu." Nikamwambia asiseme hivyo, atapona. Akaniambia, "Mimi sijakuuliza kama nitapona. Nimekuuliza kama utafika." Nikamwahidi. Ndiyo ahadi kubwa kuliko zote nilizowahi kumpa, pamoja na ile ya madhabahuni.

Alifariki. Siku ya mazishi nilikataa kupanda na ndugu. Nilikaa mbele, kando ya dereva wa gari la maiti, kijana mtaratibu wa hapo Kitale aliyeitwa Mwangi. Simiyu mwanangu alikaa nyuma na mama yake. Tulitoka mapema umande ukiwa bado kwenye nyasi. Tulipokaribia Kamukuywa simu ya Mwangi ikaanza kuongea.

"Mzee, kuna trela imelala huko barabara kuu chini ya Webuye," akasema. "Simu inasema tushuke Misikhu halafu tukate Bokoli. Ndio fasta."

"Inawaambia watu wangapi?"

"Si inaniambia mimi."

"Na huyo nyuma yako?"

Akatazama kioo. Nyuma yetu kulikuwa na msururu, na kila dereva alikuwa ameinamia simu pajani. Mwangi hakubishana. Alikata kulia. Kibanda cha Mama Nekesa hakipo siku hizi, pamejengwa duka la simu, lakini tulipopita pale nilisema kimoyomoyo, Mzee Njoroge, leo nazunguka.

Tulizunguka Kimilili. Ilikuwa ndefu na ilikuwa shwari. Hakuna aliyetupigia honi. Tulipita watu wanaopalilia, wakasimama kwenye mistari ya mahindi wakashika majembe yao mpaka tukapita. Tukateremkia Bokoli kwa juu, na tulipofika sokoni jua lilikuwa bado upande wa asubuhi. Nyumbani ni ng'ambo ya daraja tu, hata ukipiga mluzi wanasikia. Nikageuka nyuma nikamwambia Simiyu, "Mwambie mama tumefika." Ninawaambia ukweli, nilikuwa na huzuni, lakini pia nilikuwa nimejivuna. Kwa mara ya kwanza nilikuwa namleta Nelima kwa wakati.

Tukaingia darajani. Katikati ya daraja tukasimama, kwa sababu mbele yetu, upande wetu, kulikuwa na gari limetutolea macho.

Upande wa pili wa daraja matrela yaliyokimbia barabara kuu yalikuwa yamejipanga kwenye foleni yao, yanasubiri kupanda. Hayo yalikuwa mahali pao. Lakini kando yao, upande wetu sisi, kulikuwa na mstari wa pili, gari nyuma ya gari, umeziba kila kitu mpaka kwenye kona. Na kila gari katika mstari huo lilikuwa na matawi.

Mwangi akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, hao pia wako na maiti."

Nikamwambia, "Maiti gani. Ni wezi."

Nilifungua mlango. Nilikuwa na suti nyeusi na fimbo, na nilikuwa na matusi ambayo sijayatumia tangu Mzee Njoroge afe. Nilifika kwenye lile gari la kwanza, nikang'oa tawi kwenye waipa nikalitupa mtoni. Nikauliza ni nani amewafia, ng'ombe au kuku. Kioo kikateremka.

Alikuwa Barasa, mtoto wa ndugu yangu. Nyuma yake, ndani ya gari, walikuwa akina mama wa kanisani wamevaa sare zao za kuimbia.

"Baba," akasema, "tulikuja kuwapokea."

Ni desturi yetu. Mwili ukikaribia, watu wa nyumbani wanatoka na nyimbo kwenda kuupokea njiani. Zamani walikuwa wanakwenda kwa miguu. Siku hizo walikuwa wanafika sokoni, wanauzunguka mwili, wanarudi nao wakiimba. Barasa na wenzake walipanda magari. Wakatoka bomani, wakakuta foleni ya matrela, na badala ya kushuka watembee wakavunja matawi ya ua langu, wakaovalapu. Pikapu ya shemeji, gari la shule lililoazimwa, na bodaboda kando. Na matrela ya watu wasiotujua, kwa kuona matawi yanapita, nayo yakavunja matawi yakafuata nyuma. Kwa hivyo yale matawi niliyoyatukana, nusu yalikuwa ya uongo na nusu yalikuwa ya mke wangu.

"Rudi nyuma," nikamwambia.

"Baba, siwezi. Kuna trela nyuma yangu."

Niliangalia nyuma ya gari la maiti. Wale waliotoka Misikhu walikuwa wamefika, wamejaza daraja mpaka sokoni, na baadhi yao pia walikuwa wameshachomoka foleni. Hatukuweza kwenda mbele wala kurudi.

Jam haifunguliwi kichwani, vijana. Inafunguliwa mkiani. Wa mwisho ndiye anayerudi kwanza, kisha wa kabla yake, mpaka wa mbele apate nafasi. Kwa hivyo nilitembea. Nilipita gari baada ya gari kwa suti yangu mpaka kwenye kona, nikampata wa mwisho, lori la miwa. Nikamweleza polepole kwamba ni mke wangu yuko pale darajani, arudi nyuma kidogo tu.

"Pole sana, mzee," akasema, na nadhani alikuwa na uchungu kweli. "Lakini kwa nini mimi? Nikirudi, huyu wa mbele ataingia mahali pangu, na mimi nimekuwa hapa tangu asubuhi."

Nikaenda kwa wa kabla yake. Akasema atarudi yule wa nyuma akirudi. Wa kabla yake akasema ametumwa na mwenye gari, akichelewa anafutwa. Mmoja alinipa maji ya kunywa. Mmoja alinipa kiti. Wote walinipa pole, na hakuna aliyeweka gia ya nyuma. Nilirudi darajani jua limeshapita kichwani, na mawingu ya mlima Elgon yalikuwa yameanza kuteremka, yale ya mvua ambayo kila mtu wa huku anayajua.

Simiyu ndiye aliyesema tumtoe. Tulifungua mlango wa nyuma tukamtoa Nelima kwenye gari, hapo hapo juu ya daraja. Simiyu na Barasa mbele, binamu katikati, Mwangi naye akavua koti lake akashika nyuma, ingawa hiyo haikuwa kazi yake. Nafasi kati ya mstari wa matrela na mstari wa matawi ilikuwa ndogo mno. Jeneza lilikuwa likigonga vioo vya pembeni. Barasa akapaza sauti akawaomba madereva, na nitakubali, walitusaidia. Walitoa mikono madirishani wakakunja vioo, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho wa foleni. Hicho ndicho walichoweza kumfanyia mke wangu. Walikunja vioo.

Akina mama walijaribu kuimba tukitembea. Injini zilikuwa zinanguruma pande zote mbili, na moshi wa dizeli ulikuwa usoni mwao, wimbo ukafa kwenye kikohozi. Mvua ilitukuta tukiwa bado hatujafika lango. Bomani viti vilikuwa vimelowa na wengi walikuwa wameondoka. Wazee wa kwao Nelima walikuwa wamesubiri, wakasubiri, wakashika njia za mguu kabla mto haujajaa. Kaburi lilikuwa limeanza kuingia maji, vijana wakalikausha kwa ndoo. Mchungaji alifunga Biblia ndani ya koti, akasema mistari aliyoikumbuka kwa kichwa, tukamshusha. Hakuna aliyemwimbia. Nilipoingia ndani nilitazama ukutani, saa yake ilikuwa inakwenda kama kawaida.

Jioni hiyo Barasa alinifuata jikoni, matope mpaka magotini. Ni kijana mzuri, alimpenda Nelima, mama yake mdogo, na alilia kaburini kuliko watu wote. Aliniinamia akasema, "Pole, baba. Ingekuwa si hiyo jam."

Nikamwambia, "Barasa, hiyo jam nimekutana nayo uso kwa uso. Ina namba ya gari lako."

Akaniuliza angefanya nini, na wote walikuwa wanapita hapo. Sikumjibu siku ile, kwa sababu nilikuwa nalia. Namjibu leo, pamoja na nyinyi wote. Ungekaa nyuma ya lile trela. Ungeshuka ukatembea. Na kama tayari ulikuwa umekosea, wa mwisho kati yenu angerudi nyuma bila kuuliza kwa nini yeye, na Nelima angefika mchana.

Msiniletee rambirambi tena. Nimekaa na hizo pole zenu zimejaa nyumba. Nimenunua birika na kikombe kimoja, nimekiweka kwenye meza ya veranda, mahali ninapoliona daraja vizuri. Siku nitakayomwona mmoja wenu akiweka gia ya nyuma pale, au akishika njia ndefu ili mwingine apite, nitamsimamisha mimi mwenyewe, nimpikie chai ya mzunguko, kwa maziwa, kwa sukari, na mandazi juu yake.

Ninakaa pale kila asubuhi. Kikombe bado ni kikavu.